Matangi ya Maji Yasipasuke kwa Baridi

Mama wa nyumbani wa Munkunyu ana shida zake za maji, naye anazijua vema: umbali wa bomba, uzito wa jerikani, matope ya mto wakati wa masika, na jua linalopasha moto tangi la uani hata maji yake yasinyweke kabla ya kupozwa mtungini. Lakini ipo shida moja isiyomfikia. Hajapata kuamka alfajiri akakuta maji yake yamegeuka jiwe na tangi limepasuka. Munkunyu iko katika nchi tambarare ya Bonde la Ufa, kati ya mji wa Kasese na Bwera, karibu na mstari wa Ikweta, kiasi cha mita elfu moja hivi juu ya usawa wa bahari. Hapo baridi ya usiku ni jambo la shuka moja.

Hata hivyo, barafu si mgeni wa mbali. Siku mawingu yanapofunguka, mtu aliye mahali pa wazi katika wilaya ya Kasese aweza kuuona weupe ulioko juu ya milima ya Rwenzori. Wakonzo, ambao ndio wenyeji wa milima hiyo, huiita theluji kwa jina la nzururu, na milima yenyewe huiita Rwenzururu, yaani mahali pa theluji. Kilele cha Margherita, kilicho kirefu kuliko vyote, kina mita 5,109. Kwa hiyo wilaya hiyo moja ina nchi ya joto kali chini na nchi ya barafu juu, na mwendo wa siku chache tu kwa miguu ndio unaozitenga.

Elimu ya kukinga maji yasigande inawahusu watu wa namna mbili. Wa kwanza ni vijana wanaopanda Rwenzori kufanya kazi ya upagazi, upishi na uongozaji wa wageni. Wa pili ni ndugu waliokwenda mbali zaidi, katika nchi kama Kanada, Marekani, Uingereza na zile za kaskazini ya Ulaya, ambako majira ya baridi hudumu miezi kadhaa. Huko baadhi ya watu huishi au husafiri katika nyumba za magurudumu, na matangi ya nyumba hizo huganda upesi kuliko ya nyumba nyingine. Aliyekulia katika joto la Munkunyu hana mazoea ya jambo hili, na asiye na mazoea hana budi kufundishwa kabla ya kufikwa.

KWA NINI TANGI HUPASUKA

Vitu vingi vikipoa husinyaa. Maji nayo husinyaa yanapopoa, lakini hadi kiasi cha nyuzi 4 za Sentigredi tu. Yakizidi kupoa kutoka hapo huanza kutanuka, na yakifika sifuri na kugeuka barafu hutanuka ghafula kwa karibu sehemu 9 katika kila 100. Ndiyo sababu barafu huelea juu ya maji badala ya kuzama: ni nyepesi kuliko maji yaliyoizaa.

Hesabu yake ni rahisi. Jerikani la lita 20 lililojazwa hadi shingoni na kufungwa kifuniko kwa nguvu, likiganda lote, litahitaji nafasi ya karibu lita 22. Nafasi hiyo haipo. Barafu haibembelezi, husukuma ukuta wa chombo mpaka ukuta uachie. Bomba la chuma halihimili, sembuse plastiki. Lakini jerikani hilohilo likitiwa lita 18 tu, barafu yake itahitaji kiasi kisichofika lita 20, na chombo kitasalimika.

Yafaa kujua jambo la pili ambalo wengi hawalitambui. Mara nyingi bomba halipasuki mahali palipo na barafu. Barafu hujenga kizibo katikati ya bomba, kisha hukua na kuyasukuma maji yaliyobaki kati ya kizibo hicho na koki iliyofungwa. Maji hayo yamefungiwa pande zote mbili, na shindikizo lake hupanda hata bomba likatoboka mahali pengine kabisa. Kwa hiyo baridi peke yake si adui wa tangi. Adui ni mambo matatu yakikutana katika baridi: chombo kujaa mno, kufungwa kabisa, na maji kutulia. Ukiondoa hata moja kati ya hayo matatu, hatari hupungua.

MATANGI MATATU CHINI YA SAKAFU

Nyumba ya magurudumu ni gari, au tela linalovutwa na gari, lililojengwa ndani kama nyumba: lina kitanda, jiko, sinki, bafu na choo. Chini ya sakafu yake huwa na matangi matatu. La kwanza ni la maji safi. La pili hupokea maji machafu ya sinki na bafu. La tatu hupokea choo. Nyumba ya kawaida katika nchi za baridi ina mabomba yaliyofukiwa ardhini, na udongo wa chini huyatunza yasigande. Nyumba ya magurudumu haina msaada huo. Imesimama juu ya hewa, na upepo wa baridi hupita chini yake usiku kucha ukinyang’anya matangi joto lake.

Kwa mtu asiyeishi ndani ya nyumba hiyo wakati wa baridi, kanuni ni moja: kila kitu kitolewe maji. Matangi yote matatu yamwagwe mahali panapostahili, mabomba yafunguliwe, tangi la kuchemshia maji litolewe maji yake, na koki ziachwe wazi. Maji kidogo yaliyosahauliwa kwenye kona ya bomba au ndani ya koki ndiyo yanayoganda kwanza na kuleta hasara.

Kwa anayeishi ndani, kazi ni kubwa zaidi, na yafaa ifuatwe kwa utaratibu.

Kwanza, upepo uzuiwe. Chini ya nyumba yote yazungushiwe ukuta wa mbao, turubai nene au marobota ya majani makavu kutoka sakafuni hadi ardhini. Upepo hauwezi kuyapoza maji kupita baridi ya hewa yenyewe, lakini huyaondolea joto haraka sana. Hewa iliyotulia chini ya sakafu ni blanketi lisilonunuliwa.

Pili, matangi na mabomba yavikwe. Mabomba huzungushiwa sponji nene iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, na sehemu za koki zikumbukwe zaidi, kwa kuwa ndizo nyembamba. Lakini ieleweke kwamba koti halizalishi joto. Hulihifadhi tu lile lililopo. Tangi lililovikwa vizuri lakini lisilopata joto lolote litaganda pia, ila litachelewa. Kwa sababu hiyo watu wa nchi za baridi huongeza utepe wa umeme unaopasha bomba moto, au bamba la umeme linalobandikwa chini ya tangi.

Tatu, koki za matangi ya uchafu zifungwe. Wageni wengi hukosea hapa. Huacha koki wazi ili maji ya sinki yateremke moja kwa moja kwenye mpira wa nje. Matone machache machache hupita katika mpira ulio baridi, yakaganda tabaka juu ya tabaka, na baada ya usiku mmoja mpira umekuwa gogo la barafu. Kwa tangi la choo kosa hili ni baya zaidi, kwani maji hukimbia na uchafu mzito hubaki ukirundikana. Iliyo sahihi ni kufunga koki, kungoja tangi likaribie kujaa, kisha kulimwaga kwa mara moja, kuusuuza mpira, kuukung’uta na kuuweka mahali pa joto.

Nne, mpira wa kuletea maji safi usiachwe nje usiku. Tangi la ndani lijazwe mchana kwa kiasi, nafasi ya juu ikiachwa, na mpira utolewe maji na kukunjwa. Aidha, maji mengi huchelewa kuganda kuliko maji machache. Tangi lililo na maji ya kutosha litapita usiku wa baridi ambao vikombe viwili vilivyobaki chini ya tangi jingine vitakuwa vimeganda na kuziba koki.

DAWA, NA CHUMVI YA KATWE

Zipo dawa za maji zinazozuia maji yasigande katika matangi ya uchafu na mabomba yaliyotolewa maji. Hapa tahadhari kubwa yahitajika, kwa kuwa dawa hizo ni za namna mbili zenye majina yanayofanana. Ile inayotumiwa katika nyumba za magurudumu ni ya propileni glaikoli, ambayo sumu yake ni ndogo. Ile inayotiwa katika rejeta za magari mengi ni ya ethileni glaikoli, nayo ni sumu kali inayoharibu figo na kuua. Ubaya wake umezidi kwa sababu ina utamu. Mtoto akiionja hataitema, na mbwa ataifuata. Dawa ya rejeta isitiwe kamwe katika tangi wala bomba la nyumba, na isihifadhiwe katika chupa ya soda au ya maji ya kunywa. Onyo hili linaihusu hata Munkunyu, ambako hakuna barafu lakini yapo malori na gereji.

Watu wa Kasese wanayo pia dawa ya asili karibu na nyumbani. Ni chumvi. Ziwa Katwe, lililo katika wilaya hiyohiyo, limetoa chumvi tangu enzi za mababu. Chumvi ikiyeyushwa katika maji huyafanya yachelewe kuganda: kilo moja ya chumvi katika lita tisa za maji huyazuia yasigande mpaka baridi ifike kiasi cha nyuzi 6 chini ya sifuri. Ndiyo sababu bahari haigandi upesi kama ziwa la maji baridi, na ndiyo sababu katika nchi za theluji chumvi humwagwa barabarani.

Lakini chumvi ina madhara yake. Hula chuma, huharibu udongo, na maji yaliyotiwa chumvi hayanyweki wala hayafai kumwagwa karibu na kijito. Kwa hiyo inaweza kusaidia kuyeyusha barafu mlangoni au kwenye ngazi, lakini haifai katika tangi la maji safi, na haina nafasi katika mlima ambao maji yake hunywewa na watu wa chini.

USIKU WA MLIMANI

Sasa yafaa kupanda Rwenzori yenyewe. Kadiri mtu anavyopanda ndivyo joto linavyopungua, kwa kiasi cha nyuzi 6 katika kila mita elfu moja. Kambi ya Nyabitaba ipo mita 2,651. Ya John Matte mita 3,414. Ya Bujuku mita 3,962. Na kambi ya Elena, iliyo kwenye miamba karibu na barafu ya mlima Stanley, ipo mita 4,541. Toka Munkunyu hadi Elena ni tofauti ya mita elfu tatu na mia tano hivi, na joto hupungua kwa nyuzi zipatazo 21. Usiku ambao mtu wa Munkunyu amelala katika nyuzi 19 na kujiona amepata baridi ya kupendeza, mpagazi aliye Elena yuko chini ya sifuri.

Baridi ya Rwenzori haifanani na ile ya Kanada. Kule maji yakiganda hukaa yameganda kwa miezi. Katika mlima wa Ikweta mchana ni wa kuyeyuka na usiku ni wa kuganda, na hivyo ndivyo ilivyo mwaka mzima. Yaani chombo kinachojaribiwa mara chache katika majira marefu ya baridi, mlimani chaweza kujaribiwa kila usiku. Ufa mdogo wa leo hupanuliwa na barafu ya kesho na ya keshokutwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na juu ya mlima hapana duka la kununua jerikani jingine.

Kambi iliyo na tangi la maji ya mvua hufuata kanuni zilezile za nyumba ya magurudumu: tangi lisijae pomoni, kifuniko kiache hewa ipite, bomba la kutokea lifunikwe vizuri na litolewe maji kabla ya usiku, na tangi liwekwe mahali ambapo mwamba au ukuta unalikinga na upepo. Kwa mpagazi na mpishi kuna mengine yaliyo rahisi:

Jerikani lisijazwe zaidi ya lita 18, na kifuniko kilegezwe kidogo linapolala wima. Majerikani yasiachwe nje. Yapangwe pamoja pembeni mwa kibanda, yakiinuliwa kutoka kwenye mwamba kwa mbao au majani makavu, na kufunikwa kwa magunia. Yakipangwa pamoja hutunziana joto kama ng’ombe zizini.

Chupa ya maji ya kunywa ilazwe ikiwa imepinduliwa, mdomo chini, baada ya kuhakikisha haivuji. Barafu huanzia juu. Chupa ikipinduliwa hugandia upande wa kitako, na asubuhi mdomo bado hufunguka. Iliyo bora zaidi ni kulala nayo ndani ya blanketi.

Maji ya chai ya alfajiri yachemshwe jioni na kutiwa katika chupa za chai. Anayeamka saa nane za usiku kwenda kileleni hana muda wa kuyeyusha barafu, na mtu asiyekunywa maji mlimani huchoka, huumwa na kichwa, na hupata madhara ya baridi upesi.

Sufuria la kuyeyushia barafu litiwe kwanza maji kidogo, kisha barafu iongezwe polepole. Barafu tupu ikiwekwa juu ya moto mkali huacha nafasi, na sufuria huungua chini kabla barafu haijayeyuka. Tena barafu isidhaniwe kuwa safi kwa sababu ni nyeupe. Kuganda hakuui vijidudu vyote. Maji ya Elena huchemka kwenye nyuzi 85 hivi badala ya 100, kwa kuwa hewa ya juu ni nyepesi, na hiyo ndiyo sababu maharage hayaivi huko. Katika mahali palipopita mita 2,000, maji ya kunywa yaachwe yatokote kwa dakika tatu kamili.

MIMEA ILIYOVAA MAKOTI

Wenyeji wa kwanza wa baridi hiyo si watu. Katika sehemu za juu za Rwenzori, kama ilivyo katika milima ya Kenya na Kilimanjaro, huota mimea mikubwa ya jamii ya senesio na lobelia, inayozidi kimo cha mtu. Mimea hiyo nayo ina maji ndani, na maji hayo yakiganda mmea hufa. Basi kila mmoja umepata njia yake.

Senesio kubwa huweka akiba ya maji katikati ya shina. Majani yake yakizeeka na kukauka, mengi hayaanguki. Hubaki yameshikamana na shina tabaka kwa tabaka, yakawa koti nene lililoshika hewa. Usiku majani mabichi ya juu hujikunja na kulifunika chipukizi la katikati. Nayo lobelia iotayo katika mlima Kenya hushika maji kati ya majani yake kama bakuli. Usiku uso wa maji hayo hufanya utando wa barafu, lakini yaliyo chini hubaki maji, na chipukizi lililomo ndani husalimika.

Koti la kitu kikavu kilichoshika hewa, kufunga mlango kabla ya usiku, na maji ya kutosha yenye nafasi juu yake: hayo matatu ndiyo hayohayo anayofundishwa mwenye nyumba ya magurudumu. Na aliyezaliwa Munkunyu asidhani kwamba vifaa vyake ni vya dukani tu. Majani makavu ya mgomba, nyasi za kuezekea na magunia ya katani hufanya kazi ileile, mradi yawe makavu. Koti likilowa halifai, kwa kuwa maji hupitisha joto upesi kuliko hewa, na Rwenzori ni mlima wa mvua nyingi. Kwa hiyo juu ya koti la nyasi hapana budi kuwa na turubai.

MOTO UOKOAO NA MOTO UUAO

Mtu aliyezidiwa na baridi hutafuta moto, na hapo ndipo hasara ya tangi yaweza kugeuka msiba wa mtu. Jiko la makaa likiwashwa ndani ya chumba, hema au nyumba ya magurudumu iliyofungwa madirisha hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi. Hewa hiyo haina harufu wala rangi. Huanza kwa kuumwa na kichwa na kusinzia, na aliyelala haamki. Makaa yaliyokwisha kushika vizuri, yasiyotoa moshi, bado hutoa sumu hiyo. Jiko la makaa lisiingizwe kamwe mahali pa kulala, iwe kwa ajili ya watu au kwa ajili ya matangi, na jenereta iwekwe nje na mbali na dirisha. Bora majerikani kumi yapasuke kuliko mtu mmoja kupotea.

Hali kadhalika, bomba lililoganda lisiwekwe juu ya moto. Kwanza koki ifunguliwe, ili maji yatakayoyeyuka yapate pa kutokea. Kisha bomba lipashwe polepole kwa vitambaa vilivyochovywa katika maji ya moto, kuanzia upande wa koki na kurudi kuelekea kwenye kizibo. Anayeanzia katikati hufungia maji na mvuke kati ya vizibo viwili, na hulipasua bomba ambalo baridi ilikuwa imeliacha zima. Tangi la plastiki lisigongwe kwa fimbo wala nyundo, kwani plastiki katika baridi huvunjika kama kigae. Yote yakiisha kuyeyuka, viungo vikaguliwe kwa kitambaa kikavu kuona kama pana mvujo.

MAJI HUTEREMKA

Limebaki jambo moja, nalo ndilo linaloihusu Munkunyu zaidi ya yote. Kila tangi likikingwa lisigande, siku itafika ambayo lazima limwagwe. Litamwagwa wapi?

Katika nchi za nyumba za magurudumu vipo vituo vya kumwagia matangi ya uchafu, na kumwaga mahali pengine ni kosa la kisheria katika sehemu nyingi. Juu ya mlima hakuna kituo cha namna hiyo. Nako kwenye baridi uchafu hauozi upesi, kwa sababu vijidudu vinavyouozesha hulegea. Kinyesi ambacho Munkunyu kingekwisha kuwa udongo kwa muda mfupi, katika kinamasi cha mita elfu nne hukaa muda mrefu sana, kikingoja mvua ikichukue.

Wengi hudhani kwamba mito ya Rwenzori hutoka kwenye barafu. Barafu hiyo imepungua sana. Mwaka 1906, Mtawala wa Abruzzi kutoka Italia alipofika kilele cha Margherita, ilikuwapo juu ya milima sita na kufunika kiasi cha kilometa 6.5 za mraba. Kufikia mwaka 2003 ilikuwa imebaki chini ya kilometa moja ya mraba. Lakini wachunguzi walioupima Mto Mubuku walikuta kwamba maji yatokanayo na kuyeyuka kwa barafu hayafiki sehemu mbili katika kila mia ya maji ya mto huo chini ya mlima. Yaliyobaki ni ya mvua, iliyopokewa na misitu, kuvumwani na vinamasi, ikahifadhiwa na kuachiliwa kidogo kidogo.

Maana yake ni kwamba tangi kubwa la watu wa Kasese si barafu ya kileleni. Ni vinamasi na misitu ambamo njia za wageni hupita na kambi zao hujengwa. Maji ya Bujuku huingia Mubuku, na Mubuku huteremka hadi Ziwa George, ambalo nalo humimina maji yake katika Ziwa Edward kwa mfereji wa Kazinga. Upande wa kusini Mto Nyamugasani hutoka katika milima hiyohiyo, ukashuka Kyarumba na kuelekea Ziwa Edward. Njiani, maji hayo hutekwa kwa majerikani. Wilaya ya Kasese ilipatwa na kipindupindu mwaka 2017. Haifai kuwasingizia wapanda mlima ugonjwa huo, lakini wananchi walijifunza tena jinsi mto mmoja unavyoweza kuubeba uchafu wa mtu mmoja hadi kwenye sufuria ya mwingine.

Kwa hiyo mpagazi na mgeni wake watumie choo cha kambi na si kichaka. Maji ya kuoshea vyombo yamwagwe mbali na kijito, si chini ya mita 30. Dawa, mafuta, chumvi na sabuni nyingi visimwagwe kinamasini. Taka zisizooza zirudishwe chini kwa mzigo uleule uliozipandisha. Vilevile mama wa Munkunyu, hata akiwa hamjui mpagazi wala mgeni wake, aendelee kuyachemsha maji ya mto na kukifunika chombo chake.

Baridi haimpi mtu taarifa mara mbili. Kazi ya kukinga tangi ni ya saa moja kabla ya jua kutua, wakati mikono ingali na joto na koki zingali zikizunguka: kupunguza maji, kulegeza kifuniko, kutoa maji bombani, kufunika, na kuweka jiko nje. Atakayefanya hivyo, awe Elena au Kanada, asubuhi atakuwa na maji ya chai. Na tangi litakapojaa uchafu, atakumbuka kwamba chini ya mteremko yupo mtu mwenye jerikani mkononi.